Moto Haufuti Yote: Uchunguzi wa Vifo vya Moto na Deni Letu kwa Marehemu

Kila mwaka, miezi ya kiangazi inapoingia katika nchi ya Unyamwezi, moshi huwa sehemu ya anga letu. Kutoka Tabora mjini kuelekea magharibi, kwa kuifuata Reli ya Kati ambayo nayo ilifuata nyayo za misafara ya kale ya kwenda Ujiji, msafiri apitaye Usoke na Urambo huiona miyombo ikiungua kandokando ya njia, mashamba yakisafishwa kwa moto, na tanuri za mkaa zikifuka porini. Msimu wa tumbaku ukifika, wakulima hukesha wakichochea kuni katika mabani ili jani likauke sawasawa. Moto kwetu ni mtumishi wa kila siku, anayelala nyumba moja nasi. Pengine ndiyo sababu, siku anapogeuka kuwa muuaji, hatumshangai inavyopasa wala hatumhoji.

Yapo maneno mawili yanayosikika mapema mno katika misiba ya namna hii. La kwanza ni kwamba yametimia mapenzi ya Mungu, basi tuzike. La pili ni kwamba upo mkono wa mtu, na katika vijiji vyetu maneno hayo mara nyingi humaanisha mchawi. Kwa juu juu maneno haya yanapingana, lakini yana tabia moja: yote mawili huufunga mlango wa uchunguzi kabla haujafunguliwa. Aliyesema la kwanza haoni haja ya kuuliza chochote. Aliyesema la pili amekwisha kupata jibu, na kilichobaki kwake ni kumtafuta wa kubebeshwa. Tunapenda katika tafakari hii kuonyesha kwamba kati ya maneno hayo mawili ipo nafasi kubwa ya ukweli, na kwamba ukweli huo ni haki ya marehemu.

Hatuzungumzii jambo la mbali. Mwezi Julai mwaka 2017, katika kijiji cha Uchama wilayani Nzega, mkoa huu huu wa Tabora, wanawake watano waliotuhumiwa uchawi waliuawa na miili yao ikachomwa moto. Polisi waliwakamata watu zaidi ya 30, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wa kijiji. Tunaikumbusha habari hii si kwa kupenda kufukua makaburi, bali kwa kuwa inaonyesha jinsi moto unavyoweza kutumwa kazi mbili kwa mara moja: kuadhibu na kufuta. Anayechoma mwili wa mtu anaamini kwamba hakitabaki kitu cha kusema. Nabii Amosi aliwalaumu Wamoabu kwa sababu waliichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Na inafaa kuzingatia kwamba Edomu haikuwa Israeli, ilikuwa jirani mwenye uadui. Dhambi dhidi ya maiti ya adui ilihesabiwa kuwa dhambi mbele za Mungu. Lakini hata tukiiacha imani pembeni kwa kitambo, imani ya mchomaji kwamba moto hufuta kila kitu ni potofu kwa kipimo cha sayansi pia.

Tanuri maalumu la kuchomea maiti huhitaji joto la nyuzi 800 hadi 1,000 kwa saa moja au zaidi, na hata hapo vipande vya mifupa hubaki. Nyumba ya nyasi huwaka kwa ukali mkubwa lakini kwa muda mfupi. Mwili wa mwanadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huungua kutoka nje kwenda ndani na kwa uvivu. Mara nyingi ngozi imekuwa mkaa kabisa, lakini damu ndani ya moyo ingali inaweza kuchotwa na kupimwa. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari wa uchunguzi wa vifo si nani aliyewasha moto. Swali lake la kwanza ni hili: je, mtu huyu alikuwa akipumua moto ulipoanza?

Jibu hutafutwa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni katika njia ya hewa. Mtu aliye hai ndani ya nyumba inayoungua huvuta moshi, na masizi hushuka kupita koo hadi kwenye matawi ya mapafu; wengine huyameza hadi tumboni. Maiti haivuti pumzi, kwa hiyo masizi huishia mdomoni na puani. Mahali pa pili ni katika damu. Moto unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo himoglobini ya damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Ikiwa nusu au zaidi ya himoglobini imeshikwa na hewa hiyo, daktari ana sababu nzito ya kusema kwamba marehemu alikufa kwa moshi, huenda hata kabla ya mwali kumfikia. (Ni hewa hiyo hiyo inayowaua kimya kimya wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa baridi, bila kuonekana hata cheche ya moto, jambo ambalo mapadre na makatekista wangeweza kulitangaza baada ya Misa kila mwaka bila gharama yoyote.) Panapoungua magodoro ya sponji na plastiki huongezeka sumu ya sianidi, ambayo nayo hupimwa katika damu.

Lakini kipimo hakisemi chenyewe, kinahitaji akili ya kukisoma. Kukosekana kwa masizi na kaboni monoksaidi si hukumu ya moja kwa moja kwamba mtu aliuawa kwanza. Katika mlipuko wa petroli, mtu anaweza kufa kwa joto la ghafla kabla ya kuvuta pumzi ya pili, na damu yake ikawa karibu safi. Mvutaji wa sigara naye hubeba kiasi kidogo cha hewa hiyo siku zote. Daktari mwaminifu husoma yote mawili pamoja na mahali mwili ulipokutwa, jinsi nyumba ilivyoungua, na afya ya marehemu ilivyokuwa.

Yapo pia mambo ambayo macho ya kawaida huyasoma vibaya, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie, kwa maana usomaji huo mbaya umewahi kugharimu maisha ya watu. Mwili ulioungua mara nyingi hukutwa mikono imekunjwa mbele ya kifua na ngumi zimefumbwa, kama bondia aliyejiandaa kupigana. Wanakijiji wakiuona husema: alipigana na waliomchoma. La hasha. Joto hukaza misuli, na kwa kuwa misuli inayokunja viungo ina nguvu kuliko inayonyoosha, mwili hujikunja wenyewe, awe mtu aliyekufa kwa moto au aliyekuwa maiti tangu jana yake. Vivyo hivyo fuvu: joto linaweza kulipasua, na damu inaweza kujikusanya kati ya mfupa na utando wa ubongo, hata mtu akaapa kwamba marehemu alipigwa rungu. Damu ya namna hiyo huwa na rangi ya kahawia kama chokoleti na vitundu kama sega la nyuki. Tena, ikiwa marehemu alivuta moshi, na damu hiyo ikakutwa na kaboni monoksaidi sawa na ile ya moyoni, hapo daktari hujua kwamba ilijikusanya motoni, kwa kuwa damu iliyovuja kwa kipigo kabla ya moto isingekuwa na hewa hiyo. Tafakari basi ni mara ngapi katika mikutano ya kijiji ngumi zilizofumbwa na fuvu lililopasuka vimetosha kumfanya jirani kuwa muuaji.

Upande wa pili wa shilingi ni moto uliozimwa na kuzikwa pamoja na siri yake, na mfano mkubwa katika eneo letu lote la Afrika Mashariki ni Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Tunautaja tukijua kwamba unaligusa Kanisa. Viongozi wa kundi lililojiita Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walitoka miongoni mwa waamini Wakatoliki, na pamoja nao alikuwapo padre aliyeasi, Dominic Kataribabo. Tarehe 17 Machi 2000 jengo lao la sala liliteketea likiwa limejaa watu, na milango na madirisha yakiwa yamezibwa. Mamia ya watu walikufa, watoto wengi wakiwamo. Ulimwengu uliambiwa siku zile zile kwamba ni watu waliojiua kwa pamoja wakingoja mwisho wa dunia, na kwa hiyo hapakuwa na la kuchunguza sana. Tingatinga lililetwa na mabaki yakafukiwa pamoja papo hapo.

Siku chache baadaye maiti nyingine zilikutwa katika shimo la choo hapo hapo Kanungu. Kisha yakafuata makaburi ya siri katika nyumba nyingine za kundi hilo, Rutoma, Rugazi, Rushojwa, hata Buziga jijini Kampala; Rugazi pekee zilitolewa maiti zaidi ya 150. Neno la kujiua likabadilika kuwa mauaji, na idadi ya waliokufa ikapita 700. Wafungwa ndio waliofukua, wengi bila hata glavu, na vipimo vilivyofanyika vilikuwa vichache mno kwa idadi ya namna ile. Tume ya uchunguzi iliyoahidiwa haikufanya kazi yake. Je, wale wa Rugazi na Buziga walinyongwa, walilishwa sumu, au walikufa kwa maradhi? Mwanaanthropolojia Richard Vokes, katika kitabu alichokitoa mwaka 2009, alitoa hoja kwamba huenda wengi wao walikufa kwa malaria kambini na kuzikwa kwa siri. Polisi wa Uganda walikuwa wamesema ni mauaji. Hatuna uwezo wa kuamua kati yao, na hilo ndilo jambo lenyewe: hakuna tena mwenye uwezo huo. Hata swali jepesi zaidi, kama Kibwetere na Mwerinde waliungua pamoja na waamini wao au walitoroka, lilibaki bila jibu, na miaka mingi baadaye polisi walikuwa wakiendelea kumsaka Kibwetere. Tingatinga moja lilitosha kuyazika majibu yote hayo kwa siku moja.

Nchini mwetu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto ukalipuka. Waliokufa siku hiyo na majuma yaliyofuata, wengine wakiwa wodini Muhimbili, walizidi 100. Mazishi ya wengi yalifanyika kesho yake katika makaburi ya Kola, yakiongozwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Haraka hiyo ilieleweka, kwa kuwa miili ilikuwa mingi, hali ya hewa ni ya joto, na ndugu walikuwa na uchungu. Lakini safari hii kulikuwa na tofauti kubwa na Kanungu: kwa miili isiyotambulika, Serikali ilitangaza kwamba sampuli za vinasaba zinachukuliwa. Kuzika haraka na kuchunguza havikufanywa maadui. Anayezikwa leo bila jina anaweza kurudishiwa jina lake mwezi ujao, ikiwa tu mtu mmoja amechukua kipande kidogo cha mfupa au jino na kukiandika namba ile ile iliyoandikwa juu ya kaburi.

Wazazi wa Shauritanga, Rombo, hawakuwa na bahati hiyo. Mwezi Juni 1994, wasichana 42 wa sekondari hiyo waliteketea bwenini. Nchini Kenya, wavulana 67 wa Kyanguli walikufa Machi 2001, na wengi wao walizikwa pamoja katika viwanja vya shule yao. Linganisha na Endarasha, kaunti ya Nyeri, ambako wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni Septemba 2024: wengi wao hawakutambulika kwa macho, wazazi wakaombwa kutoa sampuli, na jopo la madaktari chini ya mkuu wa patholojia wa Serikali, Johansen Oduor, likafanya kazi ya kulinganisha vinasaba. Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu na za uchungu kwa familia, na wapo waliolalamika. Hata hivyo mama aliyengoja akampata mwanawe amepewa kitu ambacho mama wa Kyanguli hakukipata: kaburi ambalo anajua aliye ndani yake.

Si vinasaba peke yake vinavyotambulisha. Meno ni sehemu ngumu kuliko zote za mwili na hustahimili moto pale ambapo sura imepotea. Historia ya kuyatumia kwa utaratibu ilianzia, kwa namna ya kusikitisha, katika tendo la huruma la Wakatoliki. Tarehe 4 Mei 1897 mjini Paris, waamini wa tabaka la juu walikuwa wakiendesha mnada wa hisani kwa ajili ya maskini. Taa ya etha ya mashine ya sinema ikashika moto, na watu wapatao 126 wakafa, wengi wao wanawake. Mwili wa mtawala wa Alençon, Bibi Sophie Charlotte, dada yake Malkia Elisabeth wa Austria, haukutambulika mpaka alipoitwa daktari wake wa meno. Mwaka uliofuata Oscar Amoëdo, daktari wa meno Mkuba aliyefanya kazi Paris, alichapisha kitabu juu ya matumizi ya meno katika sheria, na elimu hiyo ikaenea duniani. Kwetu Usoke wachache wana kumbukumbu za daktari wa meno. Lakini wengi wana picha ya arusi au ya Kipaimara wakiwa wanacheka, na pengo au jino lililovunjika huonekana pale. Wapo pia waliofungwa vyuma vya mifupa Kitete au Bugando baada ya ajali ya pikipiki, na vyuma haviungui.

Kwa nini Kanisa lishughulike na mambo haya, ilhali kazi yake ni kuwaombea marehemu? Kwanza, kwa sababu Kanisa lina sheria inayodai uhakika. Kanuni ya 1707 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba pale kifo cha mwenzi wa ndoa kisipoweza kuthibitishwa kwa hati halali ya Kanisa au ya Serikali, aliyebaki hahesabiwi kuwa huru na kifungo cha ndoa mpaka Askofu wa Jimbo atoe tamko la kifo kinachodhaniwa. Na kutoonekana kwa muda mrefu peke yake hakutoshi. Mjane ambaye mumewe alikuwa kwenye umati wa lori la mafuta na hakurudi si mjane bado mbele ya altare. Wala mirathi haigawanywi kwa amani, kwa maana watajitokeza ndugu watakaosema kaka yao yuko Kahama au Mpanda anachimba dhahabu. Karatasi moja ya maabara inaweza kummalizia mama huyo miaka ya kuzungushwa kati ya ofisi ya parokia na mahakama ya mwanzo.

Pili, kwa sababu baadhi ya waamini wetu hukataa uchunguzi wa maiti kwa jina la imani. Tunalisema hili kwa upole, kwani anayekataa yuko katika maumivu: haoni ni vipi mwili uliokwisha kuteswa na moto uteswe tena na kisu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2301, inafundisha kwamba uchunguzi wa maiti kwa ajili ya sheria au utafiti wa kisayansi unaweza kuruhusiwa kimaadili. Namba inayotangulia inadai heshima kwa miili ya marehemu, na mafundisho hayo mawili hayapingani. Tobiti aliuokota mwili wa ndugu yake uliotupwa nje ya ukuta kwa sababu alikataa auawe na kusahauliwa. Daktari anayepekua njia ya hewa ya bibi kizee aliyechomwa anafanya kazi iliyo jirani sana na ya Tobiti.

Na katika lugha yetu kuna jambo la pekee. Wale 22 wa Uganda, ambao wengi wao walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na Karoli Lwanga, tunawaita mashahidi, neno lile lile tunalolitumia kwa anayesimama mahakamani. Kanisa halikuwatangaza kwa kusikia uvumi. Liliwahoji walioona, akiwamo Denis Kamyuka aliyekuwa ameandaliwa kuchomwa na akaachiliwa, likaandika, likapima maneno yao, na baada ya miaka 34 likawataja wenye heri mwaka 1920, kisha watakatifu mwaka 1964. Ikiwa tulihitaji ushahidi wa namna hiyo kwa ajili ya utukufu, tutakubalije kidogo kuliko huo kwa ajili ya kumtia mtu hatiani?

Swali hilo ni la uzima na mauti. Adhabu ya kifo kwa kosa la kuua ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania na ni ya lazima, ingawa haijatekelezwa tangu mwaka 1994. Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2018 aliirekebisha Katekisimu na kuitamka adhabu hiyo kuwa haikubaliki. Mojawapo ya kesi zinazoeleza hofu ya Kanisa ilihusu moto. Huko Corsicana, Texas, Desemba 1991, nyumba ya Cameron Todd Willingham iliungua na binti zake watatu wakafa. Wachunguzi walisoma alama za kuungua sakafuni na vioo vilivyopasuka kwa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, wakasema kimiminika cha kuchochea moto kimemwagwa. Wataalamu waliokuja baadaye walieleza kwamba alama za sakafuni hutokea chumba kizima kinaposhika moto kwa mara moja, na kwamba kioo cha moto hupasuka hivyo kinapomwagiwa maji ya wazima moto. Taarifa ya mmoja wao iliwahi kufika kabla ya hukumu kutekelezwa, lakini haikuizuia. Willingham aliuawa na dola tarehe 17 Februari 2004. Wachunguzi wale hawakuwa waongo. Walirithi mazoea ya kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameyapima. Ikiwa hilo liliwezekana mahali penye maabara kila jimbo, sisi tunaotegemea neno la mkutano wa kijiji tuna sababu zaidi ya kusitasita.

Sheria yetu ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inatoa njia: kifo cha ghafla au cha mashaka kitolewe taarifa, na hakimu aweza kuchunguza chanzo chake. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina jukumu la kutafuta chanzo cha moto, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sumu na vinasaba, vya mwisho vikilindwa na sheria yake ya mwaka 2009. Udhaifu haumo hasa katika maandishi ya sheria. Umo katika umbali, kwa maana Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za reli na madaktari waliosomea uchunguzi wa vifo nchini ni wachache. Na umo katika saa za kwanza baada ya moto, kabla polisi hawajafika, ambapo walio mahali pale ni majirani, mtendaji wa kijiji, na mara nyingi mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo.

Saa hizo ndizo tunazozitilia mkazo, kwa kuwa ziko mikononi mwetu. Ukarimu wa Kinyamwezi unataka wenye msiba wasikute uchafu. Kwa hiyo kina mama hufagia majivu, vijana huondoa mabati na nguzo, na mwili hufunikwa na kuhamishwa sebuleni kwa jirani. Kila tendo katika hayo ni la upendo, na kila moja hufuta kitu. Mwili ukishakufa hauna haraka. Uachwe ulipo, ufunikwe kwa shuka safi bila kusogezwa, na watu wawili wazima walinde pasiingie mtu. Majivu yasiguswe, maana ndani yake mna meno, vifungo, pete na Rozari ya chuma. Ikiwa kuna harufu ya petroli au mafuta ya taa, mchunguzi atataka udongo huo katika kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, siyo katika mfuko wa plastiki ambao mvuke hupenya. Na mtu mmoja anayeandika vizuri aorodheshe siku ile ile: nani alilala chumba gani, nani alionwa mara ya mwisho na saa ngapi, mlango ulikuwa umefungwa kutoka ndani au nje. Baada ya juma moja kumbukumbu hizo huwa zimekwisha kuchanganyika na maneno ya matangani.

Jambo moja linahitaji busara ya kichungaji. Vinasaba humlinganisha marehemu na mzazi, mtoto au ndugu wa damu, na rejista ya ubatizo ya parokia, yenye majina ya wazazi wote wawili, inaweza kumsaidia mpelelezi kuwapata hao. Lakini kipimo hicho hicho kinaweza kufichua kwamba mtoto aliyelelewa na baba huyu si wa damu yake. Inafaa padre amwombe mpelelezi aanze na upande wa mama, na ikiwa siri imefunuka, ibaki kwa wale tu ambao sheria inawataja. Familia iliyokwisha kupoteza mtu isipotezwe nayo kwa jibu ambalo hakuna aliyeliuliza.

Ombi letu la mwisho ni kwa wakuu wa shule na seminari zenye mabweni katika eneo letu, na ni dogo. Kila bweni liwe na orodha ya wanaolala humo, kitanda kwa kitanda, iliyosahihishwa kila mara mwanafunzi anapohama au kwenda likizo. Kila jioni nakala moja ikae mahali pengine, nje ya jengo hilo, kwa mlinzi au katika nyumba ya mapadre au masista. Na ufunguo wa mlango wa bweni usiwe mfukoni mwa mtu anayelala mbali nao.